Kikombe Juu ya Ramani

Tulikalishwa kwenye madawati ya darasa la tatu,
magoti karibu na kidevu, Jumamosi, shuleni Ng'ambo,
na mji wetu ukatandazwa sakafuni kama mkeka,
pembe zake zikabanwa kwa matofali mawili,
kifutio cha ubao,
na kiatu kimoja cha mtendaji wa kata.

"Hii ni Tabora ya mwaka elfu mbili na hamsini,"
akasema bwana mipango, kijana mpole,
shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo.
"Semeni mnachotaka."

Tukanyamaza.
Tumezoea kuambiwa kilichokwisha kutakwa.

Nyamizi Kapela, muuza matobolwa wa Isevya,
ndiye aliyechuchumaa kwanza. Akatafuta kwa kidole.
"Mto uko wapi?"
"Tabora haina mto, mama."
"Ule unaopita jikoni kwangu kila mwezi wa tatu."
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Akaenda jiko la shule, akarudi na kipande cha mkaa,
akauchora: kutoka tuta la reli,
kupitia rangi ya waridi ambayo ni maduka,
hadi kwenye kijani ambacho bado si kitu.

Mimi ni mchimba vyoo.
Wenzangu wanaujua mji huu kwa njia zake,
mimi naujua kwa kwenda chini.
Kiloleni, futi kumi za udongo mwekundu, kisha mwamba
unaokula sururu kama muwa.
Ipuli, futi sita tu, maji yanakuamkia.
Hayo nilitaka kuyasema kwa utaratibu,
lakini mbele ya watu ulimi wangu ni mzito,
basi nikatua kikombe changu cha chai palepale Ipuli
ili mikono yote miwili ipate kusema:
hapa msisimamishe ghorofa, maji yako karibu.
Kijana akaandika. Au niliona kalamu ikitembea.

Dirishani alikuwapo Milembe, binti wa Kashindye,
kaja kuchungulia.
Akaingia bila kuitwa, akashika chaki,
akapiga hesabu ubaoni, akaweka jibu:
thelathini na saba.
"Huo ndio umri wangu mwaka huo," akasema.
"Na sijaulizwa."
Hakuna aliyeifuta ile hesabu.
Kifutio kilikuwa kimeshikilia mji.

Miezi mitatu. Rasimu ikaja,
inang'aa, ikabandikwa ukutani ofisini kwa kata.
Tukaenda kujitafuta.
Mkaa wa Nyamizi haupo, umesafishwa kama uchafu.
Lakini Ipuli, duara safi kama sarafu,
alama ya kitako cha kikombe changu,
na chini yake, kwa herufi ndogo:
Mzunguko wa Magari Na. 4.

Tulicheka mpaka mtendaji akafunga mlango.
Nyamizi akanigeukia:
"Kumbe chai yako ina sauti kuliko mvua yangu."

Usiku ule sikulala vizuri.
Asubuhi nikampigia bwana mipango, nikamwambia
njoo Isevya, sina maneno, nina sepetu.
Akaja. Nikachimba nyuma ya jiko la Nyamizi
huku yeye akinishikia kamba.
Futi mbili, udongo. Futi nne, mchanga wa mto,
safu juu ya safu, mwaka juu ya mwaka,
vifuniko vya soda, ganda la konokono, kijiko.
"Changu," akasema Nyamizi, akakiosha papo hapo.
Kama ni chake kweli, mimi sijui.

Kijana akavua viatu, akashuka shimoni,
akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
Maji yalianza kumpanda kisiginoni.
Hakuandika. Aliomba mkaa.

Rasimu ya pili haijarudi.
Ila nimesikia ubao wa darasa la tatu
bado una ile thelathini na saba pembeni,
na mwalimu ameizungushia chaki,
akaandika juu yake: USIFUTE.